Marinda ya Januari

Msimu wa sare za shule ukifika, fundi cherehani wa Dar es Salaam hana muda wa kuota. Tangu katikati ya Desemba mpaka shule zifunguliwe Januari, vibaraza vya Magomeni, Manzese na Temeke vinajaa bluu na nyeupe: sketi, mashati, kaptula, na wazazi waliosimama mlangoni wakiwa wamewashika watoto mikono. Kijana anayetaka kuitwa mbunifu wa mitindo huiona kazi hii kuwa adhabu. Kwangu mimi hakuna mwanzo bora zaidi, na sababu yangu ni marinda.

Sketi ya marinda ni hesabu kabla haijawa nguo. Kiuno cha inchi 24, marinda yakilaliana sawasawa, kinakula kitambaa mara tatu yake: inchi 72, yadi mbili kamili. Kila rinda la inchi moja linaficha inchi mbili nyuma yake. Kama marinda ni 24, na kila moja limepotoka kwa thumuni ya inchi tu, kiuno kizima kinapotoka kwa inchi tatu. Mtoto sketi inamdondoka, au haimpandi kabisa. Thumuni ya inchi haionekani kwa macho kwenye rinda moja. Inaonekana mwishoni, zipu inapogoma.

Kuna binti wa Magomeni ambaye kazi yake naifuatilia kwa karibu. Alipotoka chuo cha ufundi na cheti chake, aliomba nafasi kwenye banda la mzee mmoja aliyeshona maisha yake yote kwenye Singer nyeusi ya miguu. Mzee alimpokea, akamkalisha kwenye cherehani ya Butterfly iliyokuwa kando ya mlango, akampa marinda. Msimu mzima, marinda. Binti aliweka alama za chaki juu na chini ya kila kunjo, akakunja, akabana kwa pini, akapiga bandi kwa uzi mweupe, akapitisha pasi ya mkaa, kisha ndipo akapeleka kitambaa kwenye mashine. Kabla ya mashine, mzee alikuwa anachukua futi na kupima kiuno. Kikiwa sawa, alirudi kwenye kazi yake bila neno. Kikipotoka, alisema neno moja tu: "Fumua, mwanangu."

Nimeshaona watu wengi wakisifu michoro ya vijana, na nguo zinazopita jukwaani chini ya taa. Sina ugomvi na jukwaa. Tangu mwaka 2008, Mustafa Hassanali, mtu aliyesomea udaktari kabla ya kujikita katika mitindo, alipoanzisha Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam, vijana wamepata mahali pa kuelekeza macho, na hilo ni jambo kubwa. Binti huyu naye simu yake imejaa picha za huko. Ila kati ya mchoro na jukwaa kuna kazi ndefu ambayo haipigwi picha, na ndiyo inayonifanya nikae kwenye benchi la banda lile hata nisipokuwa na nguo ya kushona. Siku hizi imezoeleka kusema huyu ni mbunifu, yule ni fundi tu, kana kwamba mmoja anafikiri na mwingine anatekeleza. Ukimtazama mtu anayejua kukata, utaona kwamba anafikiri muda wote, na anafikiria mambo ambayo kalamu ya risasi haiwezi kuyajua.

Chukua kupima. Mama mmoja anaingia, binti anasimama, anampa shikamoo, anamletea kiti. Yakiisha ya nyumbani na ya watoto, ndipo futi inatoka shingoni. Binti hatamki namba kwa sauti. Anapima, anageuka, anaandika, anarudi. Kiuno cha mtu si habari ya baraza zima, na mteja anayejua siri yake imetunzwa anasimama kwa uhuru, bila kubana tumbo. Akibana tumbo wakati wa kupimwa, nguo itamwaibisha siku ya kuvaa.

Halafu kuna ambayo futi haisemi. Watu wawili wana kifua cha inchi 40, lakini mmoja inchi zake ziko mbele na mwingine ziko mgongoni, kwa hiyo gauni la huyu haliwezi kumkaa yule. Kwa sababu hiyo binti anapima mgongo peke yake, kutoka bega hadi bega, kisha anapima mbele peke yake, kisha anashuka kutoka bega hadi kifuani na kutoka bega hadi kiunoni. Anasimama hatua mbili nyuma, anatazama. Bega la kulia limeshuka kidogo, labda kwa mkoba wa miaka mingi. Analiandika. Atalinyanyua ndani ya nguo kwa robo inchi, na mwenye nguo hatajua kamwe kwa nini gauni hili halimtelezi upande mmoja kama mengine.

Anapokata, pembeni anaacha akiba ya inchi nzima, ingawa mshono unahitaji nusu yake tu. Viwanda haviachi akiba hiyo, kwani kila nusu inchi ikizidishwa kwa maelfu ya nguo ni fedha. Fundi wa mtaani anaiacha kwa kuwa anamjua mteja: atajifungua, atanenepa, atamrithisha mdogo wake. Ndani ya gauni kuna nafasi ya miaka inayokuja.

Baada ya marinda, mtihani unaofuata ni kanga. Wengi hudhani ni kitambaa chepesi cha kujifunzia, kwa vile bei yake ni nafuu na hakuna nyumba isiyo nazo. Mambo ni kinyume. Kitenge kinauzwa kwa yadi na maua yake yanajirudia. Ukikosea hapa unasogea pale. Kanga haina pa kusogea. Ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110, pindo limeizunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina liko chini ya mji. Ni kazi iliyokwisha kubuniwa na mtu mwingine, imekamilika, inajitosheleza. Anayeipitisha mkasi anaingilia ubunifu wa mwenzake, na inabidi ajue anachokiingilia.

Nilikaa asubuhi nzima nikimtazama binti akiandaa gauni la doti moja. Kwa muda mrefu hakugusa mkasi. Alizilowesha kanga zote mbili kwenye beseni, maji yakageuka ya ukungu kwa wanga wa kiwandani, akabadilisha maji, akalowesha tena. Pamba hurudi ikipata maji, na yeye alitaka irudi mikononi mwake, si mwilini mwa mteja. Akaanika kivulini. Kanga ikiwa bado na unyevu, alichomoa uzi mmoja wa mshindio karibu na ukingo, akaufuata kwa kidole kutoka mwanzo wa kitambaa hadi mwisho. Uzi na pindo havikwenda pamoja. Upande wa kushoto pindo lilikuwa limepanda zaidi ya nusu inchi juu ya uzi. Kiwandani, rangi ilipokuwa ikipigwa, kitambaa kilikuwa kimekaa upande.

Hapo fundi mwenye haraka haoni tatizo. Binti aliliona, akakaa nalo. Akifuata uzi, gauni litaning'inia sawa, lakini pindo la chini litakwenda tenge, na mwanamke yeyote wa pwani ataliona akiwa ng'ambo ya barabara. Akifuata pindo, macho yataridhika leo, lakini baada ya kufuliwa mara kadhaa sketi itaanza kujisokota miguuni, maana nyuzi hutaka kurudi kwenye njia yake. Alimwita kijana wa banda la jirani. Kila mmoja akashika pembe yake, pembe zinazotazamana, wakavuta taratibu kimshazari, wakalegeza, wakavuta tena. Akailaza kwenye meza kuu, akapiga pasi akifuata mtande, akachomoa uzi mwingine, akapima. Tofauti ilikuwa imebaki unene wa mstari wa chaki. Iliyobaki akaamua ifuate pindo.

Kisha ikaja habari ya jina. Mji na pindo unaweza kuvigawa, lakini maneno yana mwanzo na mwisho. Yakikaa kiunoni yatakunjwa na mkanda. Yakikaa nyuma chini kidogo ya kiuno, mvaaji atakaa juu yake kila akikaa kitini, na wapo wanaochukizwa na hilo. Mshono ukipita katikati ya sentensi na kumeza silabi moja, ile ya kukanusha hasa, gauni litatangaza kinyume cha alichokusudia aliyelinunua. Binti aliisoma kanga mara mbili kwa sauti. Akaikunja, akaikunjua, akaishika mbele ya kioo. Mwishowe alikata ili jina lizunguke chini ya sketi, mwanzo wake ukianzia ubavu wa kushoto, na mshono wa ubavu ukaangukia mahali ambapo hakuna neno. Pindo la kanga ya pili likawa mikono na mkanda wa shingo. Alipomaliza, mabaki yaliyoanguka chini yangeenea kwenye viganja viwili.

Nikimtazama huwa namkumbuka Chris Seydou wa Mali, aliyezaliwa Kati mwaka 1949. Naye alianza akiwa mwanafunzi wa fundi cherehani, na baadaye akafika Paris na kuwa miongoni mwa wabunifu wa kwanza wa Afrika kujulikana duniani. Kitambaa chake kilikuwa bogolan, pamba ya Mali inayochorwa kwa udongo, na michoro yake ina maana kwa wanaoitengeneza. Mkasi ulikuwa mzito mkononi mwake alipotaka kukikata. Alikijua mno kuweza kukikata bila kufikiri. Tena michoro ya bogolan haijirudii kwa mpangilio mmoja, hivyo ilimbidi atafute namna ya kuifanya ikubaliane na koti na sketi fupi za wakati wake. Alifariki mwaka 1994. Sidhani kama kusita kule kulikuwa udhaifu. Mtu asiyesita mbele ya kitambaa cha namna hiyo hajakisoma.

Lakini kama ningeulizwa ni wapi hasa pa kumpima mbunifu anayeanza, ningesema mkono. Nina maana ya mkono wa nguo, pale unapokutana na bega.

Tundu la kwapa lina mzunguko wake. Kichwa cha mkono, yaani ile sehemu ya juu iliyokatwa kwa umbo la kilima, huwa kina mzunguko mkubwa kuliko tundu linalokipokea; kwenye vitambaa vingi huzidi kwa inchi moja au moja na nusu. Ziada hiyo ndiyo inayoupa mkono nafasi ya kuzunguka mfupa wa bega. Kazi ni kuiingiza ziada yote bila kuacha kunjo hata moja. Binti anapitisha mistari miwili ya mshono mrefu juu ya kichwa cha mkono, anavuta nyuzi kidogo kidogo mpaka kitambaa kinaanza kuinama chenyewe, anakituliza kwa pasi na kitambaa kibichi, anakibana kwa pini nyingi, anapiga bandi. Mbele ya mkono kumechongwa zaidi kuliko nyuma, kwa kuwa mikono ya binadamu huelekea mbele. Ukiubadilisha wa kulia ukaenda kushoto, mvaaji atahisi anavutwa mgongoni siku nzima bila kujua anavutwa na nini.

Kitenge kizito hakiinami. Pamba yake imefumwa kwa kubanana, na ukiilazimisha imeze inchi moja na nusu itakukunjamania begani. Chuoni walimfundisha kanuni moja ya kichwa cha mkono. Kitenge kilimfundisha nyingine. Leo akikata kitenge anakishusha kilima, ziada inabaki kama nusu inchi, na ile nafasi iliyopotea anaitafuta kwapani. Hakuna aliyemwambia. Alishona, akatazama, akafumua kwa wembe, akakata mkono mwingine. Kitenge ni mvumilivu kwa hilo: kikipata maji na pasi, matundu ya sindano hufunga. Satini haisamehe, kila tundu linabaki, na ndiyo sababu mzee hakumruhusu kugusa satini mpaka mikono yake ya pamba ilipotulia.

Cristóbal Balenciaga, mtoto wa mshonaji wa Getaria huko Hispania, alikuwa na nyumba kubwa ya mitindo Paris tangu mwaka 1937, na bado alijulikana kwa kung'oa mikono ya nguo zilizokwisha kumalizika ili aiweke upya. Alikuwa na wasaidizi wengi, wateja matajiri, na jina. Mkono ulimsumbua mpaka alipofunga nyumba hiyo mwaka 1968. Binti nilipomsimulia habari hizi hakushangaa. Aliuliza tu kama alikuwa anafumua kwa wembe au kwa mkasi mdogo.

Fedha za kijana anayeanza hapa kwetu hazitoki kwenye mkusanyiko wa nguo wenye jina lake. Zinatoka kwenye sare za harusi. Kamati ya kina mama inakubaliana kitambaa kimoja, kila mmoja analeta yadi zake, na kila mmoja anakuja na mshono wake kwenye simu. Ni shule ambayo chuo hakiwezi kuijenga: kitambaa kilekile, rangi ileile, kwenye miili ishirini isiyofanana. Mama mrefu na mama mfupi watasimama bega kwa bega kwenye picha, na maua makubwa ya kitenge lazima yamkae kila mmoja mahali pa heshima. Binti amejifunza kutandaza yadi za mteja na kutazama maua kabla ya mwili. Amejifunza pia kusema hapana kwa upole. "Mama yangu, mshono huu ni mzuri, ila picha hii ni ya kitambaa kinachomwagika, na chako kinasimama. Nikikushonea hivi hivi hutaufurahia. Hebu nikuonyeshe." Kisha anachukua kitambaa cha mama mwenyewe, anakikunja begani kwake, anamwacha aone kwenye kioo. Kuhusu bei bado anajipunja, hasa kwa majirani, ila sasa anachukua arubuni kabla ya kukata, na tarehe ya kuchukua nguo anaiandika mbele ya mteja kwenye daftari lilelile la vipimo.

Daftari hilo lingefaa kutunzwa. Kuna wateja wenye kurasa mbili tatu, kila ukurasa na mwaka wake, viuno vikipanda na kushuka, na pembeni maneno mafupi: bega la kulia, anapenda mfuko, asibanwe kwapani.

Mwaka huu ameanza kujifunza koti, na mwalimu wake ni mitumba. Kampala kuna mbunifu, Bobby Kolade, ambaye mwaka 2022 alitoa nguo za lebo yake ya Buzigahill akiziita Return to Sender: anachukua mitumba iliyoletwa Uganda, anaifumua, anaiunda upya, na kuwauzia watu wa nchi ilikotoka. Binti aliziona nguo hizo mtandaoni, na kilichomvutia zaidi ni ule ufumuaji. Hukwenda soko la Karume, hapa jijini, alfajiri, marobota yanapofunguliwa, akatafuta makoti ya zamani ya kiume. Makoti mengi ya siku hizi yamegandishwa ndani kwa gundi. Ya zamani yana kitambaa kigumu kilichoshikizwa kwa mamia ya mishono midogo ya mkono, na kuyatambua anabana kitambaa chini ya kola kwa vidole viwili, anakisugua: akihisi tabaka la tatu likicheza katikati, hilo ndilo koti analolitaka.

Akifika bandani analifumua upande wa kushoto tu. Wa kulia anauacha mzima, ili kila akipotea ageuze koti aone jinsi lilivyokuwa. Kila kipande anachokitoa anakilaza juu ya karatasi ya kaki, anakichora, anaandika kilikuwa kimeungana na nini na kwa mshono gani. Bitana, mfuko wa ndani, pedi ya bega, na kichwa cha mkono ambacho kwenye sufu kinameza ziada kubwa kuliko alivyowahi kuthubutu. Mzee, ambaye miaka yake yote ameshona makoti kwa njia yake, huacha Singer yake na kuja kuchungulia.

Juzi alimuuliza ataanza lini kukata koti lake mwenyewe.

"Nikiielewa kola, babu," alimjibu, macho yakiwa kwenye wembe.

Kola ile ina tabaka tatu, kitambaa cha juu, kigumu cha katikati na kizito cha chini, na mpaka nilipoondoka alikuwa amefungua moja.